Vesta au Ceres: ipi utafute kwanza?

Mpwa wangu anafundisha fizikia sekondari huko Tanga, na mwaka huu ameanzisha klabu ya anga. Wanafunzi kumi na wanne, darubini moja ya macho mawili, hizi za 10×50 za kushika mkononi. Jioni moja akanipigia simu.

"Shikamoo mjomba. Watoto wameshaona miezi ya Mshtarii, wameona Kilimia, sasa wanataka asteroidi. Niwatafutie Vesta au Ceres?"

"Marahaba mama. Vesta," nikamjibu, hata sikufikiri.

Nilipokata simu nikachukua kalenda ya mwezi mwandamo nikaiweka kando ya ile ya mvua, na jibu langu likaanza kunisuta. Si kwamba lilikuwa baya. Lilikuwa la mtu aliyesahau kuuliza unaishi wapi na utatazama mwezi gani. Basi nimeona niliandike vizuri, kwa faida yake na ya yeyote mwenye darubini ya bei ya kawaida anayejiuliza swali hilohilo.

Kwanza tuwaondoe wengine. Kati ya Mirihi na Mshtarii kuna mawe mengi mno yanayolizunguka Jua, ndizo hizo asteroidi, lakini kwa darubini ya mkononi yanayofaa kuanzia ni machache. Pallas, iliyogunduliwa mwaka 1802, inatoshana na Vesta kwa ukubwa, ila njia yake imeinama karibu nyuzi 35 ukilinganisha na njia ya Dunia, kwa hiyo huzurura mbali na makundi ya nyota tuliyozoea kutafutia sayari, na mara nyingi huwa hafifu. Juno ni ndogo zaidi. Anayeanza asijitafutie taabu. Wanabaki wawili.

| | Vesta | Ceres |
|---|---|---|
| Iligunduliwa | 29 Machi 1807, Bremen | 1 Januari 1801, Palermo |
| Upana wa wastani | km 525 | km 940 |
| Umbali wa wastani kutoka Jua (Dunia = 1) | 2.36 | 2.77 |
| Mwaka wake | miaka 3.63 ya kwetu | miaka 4.6 ya kwetu |
| Siku yake | saa 5 na dakika 20 | saa 9 na dakika 4 |
| Mwinamo wa njia | nyuzi 7.1 | nyuzi 10.6 |
| Mwanga inaorudisha | asilimia 42 | asilimia 9 |
| Uzito wa sentimita moja ya ujazo | gramu 3.46 | gramu 2.16 |

Kwa nini mdogo anang'aa kuliko mkubwa

Ukisoma jedwali hili, jicho linakimbilia mstari wa pili. Kwa safari ya ndege, upana wa Vesta ni kama kutoka Dar es Salaam hadi Arusha na kupitiliza kidogo. Ceres unatoka Dar, unafika Mwanza, na bado safari haijaisha. Ceres ni kubwa kiasi kwamba uzito wake wenyewe umeifinyanga ikawa karibu mviringo, na tangu mwaka 2006 inahesabiwa pia kuwa sayari kibete. Sasa kwa nini nilimkimbilia yule mdogo?

Jibu liko mstari wa saba. Ceres ni nyeusi kama lami ya barabara. Mwanga wa Jua ukiifikia, sehemu kubwa humezwa. Vesta ni kijivu kilichopauka, kama sakafu ya saruji iliyokauka.

Hesabu hii nimewahi kuifanya ubaoni mbele ya kidato cha tatu na ikaeleweka. Uso wa Ceres unaotutazama ni mkubwa mara 3.2 kuliko wa Vesta. Lakini kila kipande cha uso wa Vesta kinarudisha mwanga mara 4.7 zaidi. Gawanya, unapata Vesta imeshinda kwa mara moja na nusu hivi. Kisha ingiza umbali. Mwanga unapungua kwa mraba wa umbali ukienda kutoka Jua hadi kwenye jiwe, halafu unapungua tena kwa mraba ukija kwetu. Vesta iko karibu zaidi katika safari zote mbili, na hilo peke yake linaipa faida ya mara 2.3. Zidisha: kwa wastani, zote zikiwa mahali pake pazuri, Vesta inatufikia na mwanga mara tatu na nusu hivi ya ule wa Ceres.

Wanaastronomia hupima mwanga kwa magnitudi, na kipimo hiki kimepinduka: namba ndogo ndiyo yenye mwanga mkubwa. Jicho tupu penye giza la kweli hukomea kwenye 6 hivi. Vesta katika siku zake bora hufika 5 na kitu. Juni 2018 ilifika 5.3, na mwenye macho mazuri aliyekuwa mbali na taa za mji aliweza kuiona bila kifaa chochote. Ceres hata siku yake bora kabisa haivuki 6.7. Huwezi kuiona bila darubini, labda uwe na macho ya kozi.

Njia zao

Ceres ina kisa kizuri zaidi, na kama wewe ni mwalimu wa hisabati usikiache. Giuseppe Piazzi, padri wa Sicily, alikuwa akiandaa orodha ya nyota usiku wa kwanza wa karne mpya, akaona moja isiyokaa mahali pake. Aliifuatilia hadi 11 Februari 1801, akaugua, kisha ikapotelea kwenye mwanga wa Jua. Alikuwa ameiona ikipita kipande cha nyuzi chache tu za anga. Nani angejua itatokea wapi miezi ijayo? Carl Friedrich Gauss, kijana wa miaka 24, akabuni njia ya kukokotoa mzunguko mzima kutokana na kipande hicho, na siku ya mwisho ya mwaka uleule Franz Xaver von Zach akaikuta Ceres karibu kabisa na pale Gauss aliposema.

Vesta haina kisa cha namna hiyo. Heinrich Olbers aliikuta, Gauss akaipa jina, basi.

Lakini mahali Vesta ilipo pana maana ambayo utaishika mkononi, nami nitaifikia hapo chini. Kwa sasa angalia jambo moja linalowachanganya wengi. Vesta inakwenda kwa km 19.3 kwa sekunde, Ceres km 17.9, Dunia yetu karibu 30. Utadhani Vesta, kwa kuwa iko jirani zaidi, ndiyo tunayoipita mara nyingi zaidi. Ni kinyume chake. Fikiria bodaboda ikizunguka uwanja wa mpira pamoja na baiskeli na mtembea kwa miguu: anayetembea ndiye anayepitwa kila mara, kwa sababu hajafika mbali. Ceres tunaipita kila baada ya miezi 15 na siku kadhaa, Vesta kila baada ya miezi 16 na nusu. Wakati huo wa kupitana, ikiwa mahali pake pazuri, ndio wa kuitafuta: Jua likitua magharibi, yenyewe inachomoza mashariki, na saa sita usiku iko juu kabisa.

Ukikosa nafasi moja, basi, unangoja mwaka na zaidi. Si kama Mwezi.

Magadi na jiwe la volkano

Sehemu hii haikusaidii kuona, inakusaidia kujua unachokiona, maana ndani ya darubini zote mbili ni nukta tu. Mtoto atauliza, "Ndiyo hii tu?" Ni lazima uwe na la kumwambia.

Tuna bahati kwamba chombo kimoja kilizitembelea zote mbili. Dawn, cha Marekani, kiliingia kwenye mzunguko wa Vesta Julai 2011, kikakaa mwaka mmoja na zaidi, kikaondoka, kikafika Ceres Machi 2015. Ni chombo cha kwanza kuzunguka magimba mawili tofauti nje ya Dunia na Mwezi. Mafuta yalikiishia mwaka 2018 na hadi leo kinaizunguka Ceres kikiwa kimya.

Kilipokuwa kinaikaribia Ceres, picha zilionyesha madoa meupe yanayong'aa ndani ya kasoko, yaani shimo lililochimbwa na jiwe lililoigonga, linaloitwa Occator, lenye upana wa kilomita 92. Watu walibishana kweli: barafu? volkano? Kulikuwa na waliosema taa. Jibu lilipopatikana likawa kitu ambacho bibi yangu alikiweka kwenye kopo karibu na chumvi: kaboneti ya sodiamu. Ndugu wa magadi. Yaleyale yanayolainisha makande, yanayoganda kando ya ziwa Magadi na ziwa Natron maji yanapokaukia juani. Ceres nayo ilipandisha maji ya chumvi kutoka chini, maji yakapotelea angani, chumvi ikabaki juu imetanda. Vipimo vya Dawn vinaashiria kwamba chini ya Occator, kina cha kilomita 40 hivi, maji hayo ya chumvi bado yapo. Ndiyo maana Ceres ni nyepesi kwa ujazo wake: ndani yake mna barafu nyingi iliyochanganyika na mawe. Kuna hata mlima mmoja mpweke, Ahuna Mons, wenye kimo cha kilomita 4 hivi, uliojengwa na tope la chumvi na barafu badala ya lava.

Nikiwa na watoto mbele yangu naweka kipande cha magadi mezani kabla ya kutoka nje. Hakuna maelezo yanayoshinda hilo.

Vesta ni kinyume. Hiyo iliyeyuka mapema sana, chuma kikazama katikati kikafanya kiini cha upana wa kilomita 220 hivi, lava ikatanda juu na kuganda. Uso wake ni jiwe la volkano, jamaa wa yale mawe meusi ya Kilimanjaro na Meru. Kisha kusini yake ikapigwa. Kasoko la Rheasilvia lina upana wa kilomita 500, karibu sawa na Vesta yenyewe, na katikati yake umesimama mlima unaozidi kilomita 20 kutoka sakafuni. Kilimanjaro tatu zilizopandana hazifiki.

Vipande vilivyoruka kutoka huko vilikwenda wapi? Hapa ndipo njia ya Vesta inapoleta maana. Karibu na umbali wa 2.5 kutoka Jua pana mwanya, mahali ambapo jiwe likikaa Mshtarii hulivuta kwa mdundo uleule, mizunguko mitatu ya jiwe kwa mmoja wa Mshtarii, hadi njia yake inarefuka na kuikata njia ya Dunia. Vesta iko 2.36, mlangoni kabisa. Vipande vyake vinaangukia mwanyani na baadhi vinatufikia. Kati ya vimondo vinavyoonekana vikianguka, karibu asilimia 6 ni vya ukoo huo. Kimoja kilianguka Kapoeta mwaka 1942, Sudan Kusini ya leo, si mbali na mpaka wa Kenya upande wa Turkana, nacho kimechunguzwa sana kwa sababu kimehifadhi gesi za upepo wa Jua tangu kilipokuwa vumbi juu ya uso wa Vesta.

Wengi wakisikia kimondo wanawaza kile cha Mbozi. Kile ni bonge la chuma, hakihusiani na Vesta. Jiwe la Vesta ungelipita barabarani: nje ganda jeusi linalong'aa, ndani kijivu kama kokoto.

Kutoka Ceres hatuna kimondo hata kimoja kilichothibitishwa. Kama unataka kumwambia mtoto "kipande cha kile unachokiona kilianguka huku kwetu", ni Vesta peke yake inayokuruhusu.

(Uzito, kwa wanaouliza: gunia la mahindi la kilo 90 lingekuelemea kama kilo 2.3 ukiwa Vesta, na 2.6 ukiwa Ceres. Hapo hakuna la kuchagua.)

Nilivyozitafuta mwenyewe

Mei 2025 Vesta ilikuwa kwenye kundi la nyota la Mizani. Dar es Salaam masika yalikuwa bado hayajaaga, kila usiku wingu. Nilikuwa na safari ya Dodoma, nikabeba darubini. Usiku wa kwanza nikaegemea ukuta wa nyumba ya wageni, viwiko juu ya magoti ili mikono isitetemeke, nikachora kwa penseli kila nyota niliyoiona ndani ya duara la darubini. Nyota tisa. Usiku wa pili nikachora tena bila kutazama mchoro wa jana, kisha nikazilinganisha chini ya tochi niliyoifunika kitambaa chekundu. Nane zimetulia. Moja imesogea robo ya nyuzi, sawa na nusu ya upana wa mwezi mpevu. Ilikuwa ndiyo yenye mwanga mkubwa kuliko zote mchoroni, wala sikuhitaji mchoro kuikisia. Dakika kumi kila usiku, kazi imekwisha.

Ceres ilifika mahali pake tarehe 2 Oktoba mwaka uleule, kwenye kundi la Nyangumi. Mwezi ulikuwa unaelekea kujaa, anga nzima imekuwa kama maziwa. Nikangoja hadi mwezi ulipokwisha. Kwa magnitudi karibu na 8, pale kwenye duara kulikuwa na nyota kadhaa zinazofanana nayo kabisa. Usiku wa kwanza nikachora vibaya. Wa pili, wingu. Wa tatu na wa nne ndipo nikaipata, na nakiri nilihitaji ramani ya simu kunihakikishia. Furaha yake ilikuwa kubwa kuliko ya Vesta, lakini ningekuwa na wanafunzi kumi na wanne wanaogombea darubini moja, kumi wangekuwa wamelala.

Sasa kalenda

Hapa ndipo jibu langu la simu lilipoyumba. Namba za jedwali ni za wastani, na nafasi zinazokuja si za wastani.

Vesta itakuwa mahali pake 13 Oktoba 2026, nayo kwenye Nyangumi. Safari hii itakuwa upande wa mbali wa njia yake, kwa hiyo tegemea 6.4 hivi, si 5.6 ya Mei 2025. Ceres itafuata karibu na 7 Januari 2027, ikiwa upande wake wa karibu, na magnitudi 6.9 hivi. Lile pengo la mara tatu na nusu limekuwa mara moja na nusu tu. Na kwa zote mbili mwezi hautasumbua: mwezi mchanga ni 10 Oktoba kwa Vesta, na kwa Ceres unaangukia siku yenyewe.

Kisha mahali pa kutafutia. Nyangumi ni kundi kubwa lenye nyota hafifu, huna pa kuanzia. Uzuri ni kwamba Vesta itapita karibu utosini kwa mtu wa Nairobi, Mombasa au Tanga. Ceres itakuwa kwenye Mapacha, jirani na Castor na Pollux, nyota mbili ambazo hata mtoto wa darasa la pili anazipata akigeukia kaskazini. Kwa Dar itakuwa juu kidogo ya nusu ya anga, haina shida.

Na mvua. Pwani na Kenya ya kati, Oktoba ni mlango wa vuli, huku Januari kaskazi inavuma na anga ni safi. Dodoma, Iringa, Mbeya ni kinyume: Oktoba kavu kabisa, Januari mvua imeshika.

Kwa hiyo, ukiwa bara ya kati au nyanda za juu kusini, usisumbuke, ni Vesta ya Oktoba. Ukiwa pwani au Nairobi na unatazama peke yako, mimi ningeweka nguvu kwenye Ceres ya Januari, kitu ambacho miaka mingine yote nisingekushauri. Mwenye taa nyingi za mji jirani arudi kwa Vesta hata hivyo, maana ile nusu ya magnitudi ataihitaji.

Nikampigia mpwa wangu kumweleza yote haya, Castor, kaskazi, kila kitu. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Mjomba, tarehe 7 Januari shule zimefungwa. Watoto wako kwao."

Nilikuwa nimesahau. Na zikishafunguliwa, mwezi utakuwa unakua. Wangengoja hadi mwanzoni mwa Februari, Ceres ikiwa imeshafifia.

Basi itakuwa Vesta, Oktoba, na mawingu ya vuli watayavizia. Ameshakata karatasi kumi na nne za duara, sentimita 15 kila moja, na ameniagiza kipande cha magadi hata hivyo. Ceres, anasema, atawapa kazi ya likizo wale wenye darubini nyumbani. Wako wawili.